Mwalimu, Mtemi na Msichana wa Lise: Mapenzi na Mamlaka katika Riwaya za Ujana

Binetou karibu hasikiki akisema. Katika Une si longue lettre, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali iliyotoka mwaka 1979, yeye ni msichana wa shule anayejiandaa kwa mtihani wa mwisho pamoja na rafiki yake Daba. Habari za mzee anayemnunulia nguo mpya anazisimulia kwa utani. Mzee huyo ni Modou Fall, baba mzazi wa Daba. Mama yake Binetou, aliyechoshwa na ufukara, anamsihi binti akubali. Binti anakubali, anaacha masomo, anapewa nyumba, gari na posho ya kila mwezi. Msomaji anafahamu bei yote iliyolipwa, lakini hafahamu binti mwenyewe aliwaza nini.

Riwaya hii husomwa sana katika shule za nchi zinazofundisha kwa Kifaransa, na mwanafunzi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anayeifungua hahitaji kuelezwa habari za Modou Fall. Anamjua. Ni yule anayelipa minervali, yaani ada ya shule, pale wazazi wanaposhindwa, anayetuma unite za simu usiku, anayesimamisha gari pembeni mwa barabara saa wanafunzi wanapotoka wakiwa na nguo zao za bluu na nyeupe. Serikali ya Kongo ilitangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019, lakini sekondari ingali inalipiwa, na umri wa kuanza kupenda ndio huo huo wa kuanza kudaiwa ada. Kwa hiyo riwaya za ukanda huu zinapozungumzia mapenzi ya vijana, hazikawii kuzungumzia fedha.

Ukizisoma kwa pamoja, kuanzia Ukerewe hadi Kigali na kutoka Zanzibar hadi Brazzaville, utaona kwamba mapenzi ya watu wawili pekee ni nadra mno. Kila mara yuko wa tatu: baba, mwalimu, padri, mtemi, mwanajeshi. Vijana wanapendana chini ya jicho lake, au kwa kumkimbia, au mmoja wao amekwisha kuwa mali yake. Ni kweli kwamba riwaya za Marekani nazo zimewahi kuwa hivyo. The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008, inaonyesha msichana na mvulana wanaolazimika kuigiza mapenzi mbele ya kamera ili dola isiwaue. Tofauti ni kwamba Collins alilazimika kuibuni dola ya namna hiyo. Waandishi wa huku waliikuta.

Jambo moja liwekwe sawa kabla ya kuendelea. Katika maduka ya vitabu ya Ulaya na Marekani kuna rafu maalumu ya riwaya za vijana, zenye wahusika wa miaka kumi na tano au kumi na saba na zilizoandikwa kwa ajili yao. Kwetu rafu hiyo ni nyembamba. Kitabu huwa cha vijana kwa sababu wizara imekiweka kwenye orodha ya shule, au kwa sababu kimekatazwa.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi imepitia hali zote mbili. Ilichapishwa mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni Tanzania muda mfupi baadaye, kisha ikarudi na kuwa kitabu cha kusomwa darasani. Hadithi yake inaanzia kisiwani Ukerewe, katika nyumba ya Zakaria, mlevi mwenye mabinti kadhaa na mkono mwepesi. Rosa anapata barua ya mvulana aitwaye Charles. Baba anaigundua, anampiga binti vibaya sana. Kipigo hicho ndicho somo la kwanza la Rosa kuhusu wanaume, na Kezilahabi anamtembeza msomaji hatua kwa hatua kuonyesha matokeo yake. Shule ya sekondari ya wasichana inamkuta mwoga, wenzake wanamcheka kwa kutokuwa na rafiki wa kiume. Anapofika chuo cha ualimu Morogoro amekwisha kugeuka: woga umekuwa ujasiri wa kujiangamiza, na miongoni mwa wanaume wake yumo mkuu wa chuo mwenyewe. Zinafuata mimba zinazotolewa, jina baya, uchumba unaovunjika kwa sababu mwanamume anataka bikira, na mwisho Rosa anajiua.

Waliokipiga marufuku kitabu hicho walisema kina matusi. Huenda kilichowaudhi zaidi ni mkuu wa chuo. Kezilahabi alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, ametoka kwenye malezi ya seminari, naye akaandika waziwazi kwamba mtu aliyekabidhiwa mabinti wa watu awalinde anaweza kuwa ndiye anayewawinda. Kisha akafanya jambo ambalo waandishi wachache wa Kiswahili wamethubutu: akawapeleka Rosa na Zakaria mbele ya hukumu baada ya kufa, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Nani alimuua Rosa? Baba aliyempiga ili asiharibike, au Rosa mwenyewe aliyechagua kila kitanda alicholala?

Vitabu vya mwongozo vinavyouzwa kwa wanafunzi hulijibu swali hilo kwa mstari mmoja, chini ya kichwa “sifa za Rosa”, na sifa ya kwanza huwa umalaya. Ni dhuluma kwa mwandishi na kwa binti. Hata hivyo Kezilahabi mwenyewe hana budi kubeba sehemu ya lawama hiyo, maana ni yeye aliyemuua.

Hapa ndipo penye mazoea ya riwaya nyingi za kizazi kile na cha baadaye: mamlaka inatenda, msichana analipa. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Maimuna anafungiwa ndani na baba yake Maksuudi, mwanasiasa mwenye mali na siri nyingi. Anatoroka, na uhuru wake wa kwanza unamtupa kwenye ulevi na ukahaba. The First Daughter ya Goretti Kyomuhendo wa Uganda, ya mwaka 1996, ina Kasemiire, msichana anayebeba matumaini ya ukoo kwa kuwa anasoma, mpaka mimba inapomfukuzisha nyumbani kwa baba. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotahiniwa Kenya kwa miaka kadhaa katika muongo uliopita, ina Lowela, mwanafunzi anayezaa na Mtemi Nasaba Bora. Mtoto mchanga anatupwa mlangoni kwa Amani, kijana mchunga ng’ombe, na mtoto anapofariki, wanaokamatwa ni Amani na Imani, vijana wawili waliojaribu kumlea. Walibora aliupanga mkasa huo kwa ustadi: uhusiano wa siri wa mtu mkubwa unatua juu ya mabega ya vijana wawili wasio na kosa ambao wao kwa wao hawajagusana.

Ngũgĩ wa Thiong’o alikuwa mmoja wa wachache waliokataa hesabu hiyo. Katika riwaya ambayo Waswahili waliisoma kwa jina la Shetani Msalabani, Wariinga alipewa mimba na Mzee Tajiri wa Ngorika akiwa bado shuleni, akajaribu kujiua, akanusurika. Miaka baadaye anakutana naye tena, na safari hii bastola iko mkononi mwake. Kama sanaa, mwisho huo una kelele nyingi. Kama haki, wasomaji wa kike walikuwa wameusubiri kwa muda mrefu. Henry ole Kulet, katika Blossoms of the Savannah ya mwaka 2008, aliandika kwa utulivu zaidi: Resian anapotakiwa na tajiri Oloisudi, mwandishi anaonyesha daftari la madeni kabla ya kuonyesha posa. Baba anamhitaji Oloisudi kibiashara. Binti ni dhamana ya mkopo.

Tukirudi kwa Mariama Bâ, kuna binti wa pili katika riwaya yake ambaye walimu humruka. Msimulizi, Ramatoulaye, ana mtoto aitwaye Aïssatou anayepata mimba kwa mwanafunzi wa chuo, Ibrahima Sall. Hawa ni vijana wawili wanaopendana kweli, na mvulana hakimbii. Lakini shule ingemfukuza msichana na kumwacha mvulana aendelee, na mama anaiona dhuluma hiyo bila kupepesa macho. Hayo yaliandikwa mwaka 1979. Tanzania iliondoa katazo la wasichana waliojifungua kurudi katika shule za serikali mwezi Novemba 2021.

Sasa tuvuke mto Ruzizi. Notre-Dame du Nil ya Scholastique Mukasonga ilipata tuzo ya Renaudot mwaka 2012, na kwa msomaji wa Bukavu hakuna riwaya iliyo karibu zaidi. Ni lise ya kanisa, ya wasichana, mlimani, Rwanda ya miaka ya 1970. Bukavu ina lise zake na koleji zake za kanisa, Lycée Wima na Collège Alfajiri zikiwa kati ya zile maarufu, na aliyepitia shule ya masista popote atazitambua kengele, zamu za kufagia na vyakula vinavyofichwa chini ya kitanda. Ila katika lise ya Mukasonga kuna pia kiwango: Watutsi wawili tu kwa kila darasa la wanafunzi ishirini. Virginia na Veronica ndio hao wawili.

Mukasonga anazipanga sura zake kama vyumba, na katika kila chumba yupo mtu mzima mwenye kitu anachokitaka kwa wasichana. Padri Herménégilde anagawa nguo za msaada, na anayetaka gauni anatakiwa alipime ofisini, mbele yake. Mukasonga haongezi neno la hasira hapo. Anaeleza kitambaa, anaeleza padri ameketi wapi, basi. Mkulima mzee wa Kizungu, de Fontenaille, anamtafuta Veronica ili amchore kama malkia wa kale. Hamgusi, lakini anamnyang’anya nafsi yake na kumvika ya kubuni. Na Frida anajiwa na mwanadiplomasia wa Zaire, mwenye gari la fahari na zawadi, huku uongozi wa shule ukifumba macho kwa kuwa uhusiano wa nchi mbili ni jambo nyeti. Frida anapata mimba, anafariki, na lise inaendelea na masomo. Inachoma kidogo kwa Mkongomani kujikuta, kwa mara moja, ndiye mgeni mwenye nguvu katika hadithi ya jirani.

Lakini ugunduzi mkubwa wa riwaya hiyo hauko kwa watu wazima. Uko kwa Gloriosa, binti wa waziri, ambaye ni rika la wenzake na anawatawala. Anapochafuka kwa matope katika vituko vyake vya kutaka kubadilisha pua ya sanamu ya Bikira Maria, anabuni hadithi kwamba amevamiwa na waasi. Uongo huo, ambao kwake ni siasa tu, unawaleta askari hadi shuleni, na ndio unaofungua mlango wa kuwawinda wanafunzi wa Kitutsi. Rafiki yake Modesta, ambaye mama yake ni Mtutsi, anajipendekeza kwake muda wote akidhani urafiki utamkinga. Haumkingi. Riwaya zetu nyingi zilidhani kijana hupokea tu mamlaka ya wengine, kwa fimbo au kwa zawadi. Gloriosa anaitumia mwenyewe, tena kupitia kitu laini kabisa: nani akae na nani mezani, nani ajue siri ya nani.

Kwa upande wa wavulana, Gaël Faye aliigusa hali hiyo hiyo katika Petit Pays, iliyoshinda Goncourt des lycéens mwaka 2016. Wasomaji wa Bukavu huifurahia kwa sababu mapema tu familia ya Gabriel, mvulana anayesimulia, inatoka Bujumbura kuja kumtembelea Jacques, Mbelgiji mzee anayeishi kando ya Ziwa Kivu na kuzungumza juu ya Waafrika mbele ya mama wa Gabriel, Mnyarwanda, kana kwamba hayupo. Sehemu bora zaidi inakuja baadaye. Baiskeli ya Gabriel inaibwa, inauzwa mbali, na Gabriel anaifuata hadi kwa watu maskini kijijini ambao walimnunulia mtoto wao kwa akiba. Gabriel anaichukua. Ni yake. Na hataki tena kuipanda. Faye hakuhitaji bunduki kumwonyesha mtoto wa mtaa wa kitajiri kwamba yeye naye ni mtu mwenye mamlaka. Bunduki zinakuja kurasa chache mbele, na kundi la marafiki wa mtaani linageuka kundi la ulinzi, ambamo asiyetaka kushiriki ndiye msaliti.

Emmanuel Dongala wa Brazzaville alikwenda mbali zaidi. Johnny chien méchant, ya mwaka 2002, ina wasimulizi wawili wenye umri wa miaka 16: Laokolé, anayemsukuma mama yake mlemavu kwenye toroli akikimbia vita, na Johnny, mwanamgambo. Wote wanaanza na tangazo lile lile la redioni, la jenerali anayewapa wapiganaji wake saa 48 za kupora. Johnny alisoma madarasa mawili matatu ya msingi na anajiita msomi. Anabadilisha majina mpaka apate lenye kutisha. Anambaka mtangazaji wa televisheni, kisha anajisimulia kana kwamba amependwa. Hapo Dongala anafanya kazi ambayo hakuna mhadhara unaoweza kuifanya. Anamwacha msomaji ndani ya kichwa cha mvulana asiyejua tena tofauti ya kutamaniwa na kuogopwa, halafu anampeleka kwa Laokolé ili aone tukio hilo hilo kutoka upande wa anayekimbia.

Kivu Kusini, mkoa wa Bukavu, ina sababu ya kuichukulia riwaya hiyo kwa uzito. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999 na Dakta Denis Mukwege, aliyepata Nobel ya Amani mwaka 2018, imewatibu maelfu mengi ya wanawake na wasichana waliobakwa. Dunia inaijua Bukavu kwa habari hiyo, na waandishi wa kigeni wamekuja kuichota. Matokeo yake ni kwamba msichana wa Kongo katika vitabu vya dunia karibu daima ni majeruhi. Hata In Koli Jean Bofane, Mkongomani mwenye kejeli kali, anamweka Shasha katika Congo Inc. (2014) kama msichana aliyekimbia vita vya mashariki na kutumiwa kingono na afisa wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa. Ni haki yake kuandika hivyo: kashfa za namna hiyo zilichunguzwa na Umoja wa Mataifa wenyewe Kongo miaka ya 2004 na 2005. Lakini Shasha hapati nafasi ya kupenda mvulana wa jirani na kumkosa.

Na hapo ndipo pengo lilipo. Bukavu ina vita, na tangu Februari 2025 mji uko chini ya waasi wa M23. Lakini Bukavu ina pia vijana wanaotongozana kwa Kiswahili kwenye daladala za kutoka Nyawera kwenda Kadutu, wanaotumiana sauti kwenye simu, wanaoogopa prefe wa shule kuliko wanavyoogopa polisi. Ina walimu wanaouza alama kwa ngono. Kifaransa cha mitaani kimezipa alama hizo jina la dhihaka linaloigiza magonjwa ya zinaa, na kila mwanafunzi analijua. Sheria haina upungufu mkubwa: ile ya Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono, ile ya Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, na marekebisho ya mwaka 2016 yaliyopandisha umri wa ndoa wa msichana kutoka miaka 15 hadi 18. Bado familia mbili hukaa sebuleni, mbuzi wanahesabiwa, na kesi inaisha bila hakimu. Kikao hicho cha sebuleni, na binti akiwa jikoni anasikiliza mlango ukifungwa, ni sura nzima ya riwaya ambayo haijaandikwa.

Sababu moja ni lugha. Kiswahili ni lugha ya taifa kwa katiba ya Kongo, lakini darasa la sekondari ni la Kifaransa. Mwanafunzi anapenda kwa lugha moja na kuandika insha kwa nyingine. Kezilahabi, Walibora na Said Ahmed Mohamed, ambao angewasoma bila kamusi mkononi, hawamo kwenye masomo yake ya fasihi. Wale anaowasoma kwa Kifaransa wanampa maisha yanayofanana na yake katika lugha ya mtihani.

Sababu ya pili haizungumzwi sana: woga wa waandishi kumpa msichana hamu yake mwenyewe. Mfululizo wa Adoras, vitabu vidogo vya mapenzi vilivyoanza kutoka Abidjan mwaka 1998, uliwapa wasomaji wa Afrika ya Kifaransa wanawake wanaotamani na kupata. Ila ndani yake mwanamume mwenye gari ni zawadi, haulizwi gari limetoka wapi. Riwaya nzito zinauliza gari limetoka wapi, na papo hapo zinamnyima msichana ruhusa ya kufurahia safari. Mvulana naye amesahaulika kwa namna yake. Mbali na Johnny na Gabriel, wavulana wengi wa riwaya hizi ni barua tu, kama Charles wa Rosa: wanatuma, wanatoweka, wanarudi kudai bikira. Mvulana anayetumiwa na mtu mzima, au anayekataliwa na kulikubali jibu hilo, ni vigumu kumpata.

Walimu wa Kifaransa wa Bukavu, wengi wao waliofunzwa Institut Supérieur Pédagogique, hawana haja ya kungoja riwaya hiyo iandikwe. Notre-Dame du Nil si kitabu kirefu, kinafaa madarasa ya mwisho ya sekondari, na kisisomeshwe kwenye lise za wasichana peke yake. Kisomeni pia na wavulana, na mkifika kwenye ofisi ya Padri Herménégilde, muwaulize wao kwanza.